Mwezi Nilioutaja

Mara ya kwanza kuusikia ule msemo ilikuwa kwa sababu ya mkate. Mzungu niliyekuwa namtafsiria aliuma kipande, akatafuna, akasema mkate laini kama ule hupatikana Kigoma mara moja tu, mwezi unapokuwa wa buluu. Nikaweka kikombe chini. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, mama yangu alikuwa akikausha dagaa ufukweni Katonga tangu kabla sijapata akili, na mwezi nimeuona mweupe, nimeuona wa manjano, nimeuona mwekundu wakati wa moshi wa mashamba. Wa buluu sikuwahi kuuona. Nikamuuliza ni upi huo.

Alifurahi kuulizwa. Akasimama mbele ya kalenda ya ukutani, ambayo ilikuwa na viduara vidogo kwenye tarehe za mwezi mpevu, akanieleza kwamba kwa kawaida kila ukurasa una kiduara kimoja. Ikitokea ukurasa ukawa na viwili, kile cha pili ndicho wanachokiita mwezi wa buluu. Rangi yake haibadiliki hata kidogo. Ni namna yao ya kutaja jambo ambalo karibu halitokei. Nikauandika nyuma ya daftari langu, mahali nilipokuwa nikihifadhi Kiingereza cha kujidai nacho.

Na nilijidai kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nimemaliza kidato cha nne, nimepata kazi ya meza na kiti wakati wenzangu wengi wako mchangani. Mama aliponiuliza nitakwenda lini Katonga kumsaidia kugeuza dagaa, nilimjibu kwa Kiingereza, kisha nikamfasiria kwa madaha: mara moja, mwezi ukiwa wa buluu. “Haya,” akasema, “na ugali utakula mwezi huohuo.” Jioni ile nililalia chai ya rangi, na asubuhi yake nilikuwa Katonga nimeinama kama kawaida.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Siku za anga safi sisi huiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na miaka ile tulikuwa tukiitazama kwa hofu, maana mitumbwi ilikuwa inakuja kutoka huko imejaa watu badala ya samaki. Waliofika walipokelewa kwenye maghala karibu na maji, wakaandikishwa, wakapewa kadi ya chakula, na kila Alhamisi malori yaliwachukua kuwapeleka kambini, ndani huko, kupita Kidahwe. Kazi yangu ilikuwa kwenye meza ya tatu. Meza ya kwanza waliandika majina, ya pili waliangalia afya, ya tatu ilikuwa ya waliopotezana na ndugu zao. Mzungu aliuliza, mimi nikafasiri, mtu akajibu, mimi nikafasiri tena. Kwa siku niliyatafsiri machozi ya watu hamsini, na mchana nikala wali vizuri tu. Ndivyo ilivyokuwa, sitajifanya vingine.

Siku moja mama mmoja alikuja kwenye meza yangu na kichanga mgongoni. Alikuwa mke wa mvuvi kutoka upande wa pili, mikono yake ina mikato ya nyuzi za nyavu, na alikaa kwenye kiti bila kuegemea. Mumewe alikuwa ameuawa. Siku ya kukimbia, akiwa na mtoto mdogo mgongoni na mfuko kichwani, alimkabidhi binti yake wa miaka saba kwa jirani amsaidie kumpandisha. Watu wakasukumana, milio ya bunduki ikakaribia, mtumbwi wake ukasukumwa majini. Binti na jirani wakapanda mtumbwi wa pili. Mtumbwi wa kwanza ulifika Kigoma. Wa pili haukufika, na sasa ilikuwa miezi miwili.

“Muulize ule muzungu,” akaniambia, “mutoto wangu atapatikana?”

Nikauliza. Mzungu alivua miwani akaifuta. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alisema kwa sauti ya chini kwamba watoto wa mitumbwi isiyofika hupatikana mara moja tu, mwezi unapokuwa wa buluu, na kwamba nimweleze taratibu.

Nilijua maana yake. Sikuchanganyikiwa, wala Kiingereza hakikunishinda. Ilitakiwa niseme: mama, ni mara chache mno, jiandae. Lakini yule mama alikuwa ananitazama mdomoni, anasubiri neno litoke, na mimi nikaogopa kuwa mtu atakayelitoa. Nikasema, “Anasema hupatikana. Ila ni kwa mwezi wake.”

Mke wa mvuvi humwambii habari ya mwezi akaiacha ipite. “Mwezi gani?” akauliza.

Nikageuka kwenye kalenda. Mungu anisamehe, nilifunua ukurasa wa mwezi uliofuata na macho yangu yakakuta viduara viwili, kimoja tarehe mbili na kingine tarehe thelathini na moja. Kama kungekuwa na kimoja huenda ningerudi nyuma nikasema kweli. “Huu unaokuja,” nikamwambia. “Utakuwa mpevu mara mbili. Ni ule wa pili.”

Akapumua, akaegemea kiti kwa mara ya kwanza. Mzungu akaniuliza mama amesema nini. Nikamwambia anashukuru.

Alhamisi ya kwanza baada ya hapo hakupanda lori. Alhamisi ya pili wakamwita jina mara tatu, akakaa kimya nyuma ya ghala na kichanga chake. Karani wa malori akanifuata akiwa amekasirika: mwambie mtu wako, safari ya tatu ikimpita jina lake linafutwa, kadi inachukuliwa, na akikutwa mitaani bila kadi atapandishwa kwa nguvu au atarudishwa alikotoka. Nikaenda kumwambia.

“Mie siendi na kamyo,” akasema. “Mwezi ukitoka, mutoto akuye anitafute wapi? Kule ndani hakuna ziwa.”

Mimi nina hasira za karibu, na hasira zangu huwa kali zaidi ninapokuwa nimekosea. Nilimgombeza. Nilimwambia anachezea chakula cha mtoto aliyebaki, kwamba wakimbizi wote wangekuwa wabishi kama yeye tungefika wapi. Yeye alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, akasema, “Ni weye ulinipa siku, dada.” Nikambeba kichanga, nikamwambia anifuate, na nikampeleka Katonga kwa mama yangu.

Mama alimpokea bila maswali, akampa fagio la dagaa na kivuli cha turubai. Maswali aliniwekea mimi, jioni, tukiwa wawili jikoni. Nilimweleza yote, kuanzia miwani mpaka kalenda. Aliacha kupepeta mchele.

“Umemdanganya mzazi mwenzangu?”

“Nilimwonea huruma, mama.”

“Ulijionea huruma wewe. Kesho kamwambie.”

Kesho sikumwambia. Wala kesho kutwa. Mama akanuna, akawa ananiwekea chakula bila kunikaribisha. Kila nilipokwenda Katonga nilimkuta yule mama amepinda mgongo juu ya dagaa, kichanga kimelala kwenye kanga, na kila mara aliniuliza swali moja tu, zimebaki siku ngapi. Nilimtajia. Nilikuwa nazijua bila kuhesabu.

Sasa, kuna jambo la ziwa letu ambalo mtu wa bara huenda halijui. Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha karabai, dagaa wakaifuata taa, wavu ukawazoa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, maana ziwa lote linang'aa na dagaa wanatawanyika. Kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika, karibu wiki nzima. Ndizo siku za kushona nyavu, kuoa, kwenda kuhani misiba iliyopita, na kuja mjini kununua nyuzi na mafuta ya taa. Watu wa vijiji vya kaskazini, ambao hatuwaoni wiki tatu, siku hizo hujaa Katonga.

Mimi nilikulia katika hayo na sikuyafikiria. Yeye aliyafikiria. Mwezi wa kwanza ulipojaa, tarehe mbili, alimwomba mama ruhusa, akamfunga kichanga mgongoni, akaanza kupita kundi moja hadi jingine la wanaume waliokuwa wakishona nyavu. Niliona mwenyewe, kwa sababu ilikuwa Jumapili. Kila kundi aliwasalimia, akachuchumaa pembeni, akasema maneno yaleyale: binti wa miaka saba, mapengo mawili mbele, kovu la uji wa moto kwenye kiwiko cha kushoto, akiulizwa jina hujibu kwanza jina la mdogo wake. Wengine walimhurumia, wengine walitikisa kichwa bila kuinua macho kwenye uzi. Mama yangu alimfuata kwa nyuma, na waliotikisa kichwa haraka aliwafanya wasikilize upya.

“Kwa nini hukuwauliza zamani?” nikamwambia, na nadhani nilimwambia kwa ukali.

“Nilikuwa ndani ya fensi,” akasema. “Mulisema ofisi inatafuta.”

Ofisi ilikuwa inatafuta kweli. Kila wiki gari letu lilipita na kipaza sauti, likasoma majina ya watoto Kigoma mjini, Ujiji, Kidahwe, mpaka Kasulu. Lilikwenda kila mahali penye barabara. Na vijiji vya kule kaskazini, kupita Gombe, havina barabara, mtu hufika kwa mtumbwi tu. Mtumbwi uliopotea njia ziwani ungefika wapi kama si huko? Mzungu alikuwa hajui. Mimi, mtoto wa Katonga na Ujiji, nilikuwa nimekaa kwenye gari lile mwezi baada ya mwezi na kipaza sauti mkononi, nikiwasomea mbuzi wa Kidahwe majina ya watoto waliopotelea majini, na halikunijia. Jambo hilo linaniuma hata leo kuliko uongo wenyewe.

Siku ile hakupata kitu. Mtu mmoja tu, mzee wa Mwamgongo, kijiji cha kule kaskazini, aliyekuja kununua nyuzi, alimwambia kwamba huko kwao kuna watoto waliookotwa na watu, lakini yeye hakai na watoto, hajui nani ana mapengo na nani hana. Akirudi ataulizia. Kisha siku za giza zikaingia, mitumbwi ikarudi kazini, na mzee yule akapotea na wenzake.

Wiki tatu zile nilikuwa mtu wa hovyo. Alhamisi ya tatu lori liliondoka bila yule mama, na karani akalifuta jina lake mbele yangu kwa kalamu nyekundu, akipitisha rula chini yake ili mstari unyooke. Kadi nikaambiwa niilete. Nikasema nitaileta. Nyumbani nilikuwa napiga hesabu: mwezi utajaa, binti hatakuja, mama huyu atakuwa hana mtoto, hana kadi, hana mahali, na atakuwa amekosa yote kwa neno langu. Askari walikuwa wameanza kupita Katonga kukagua. Mama yangu alimwambia kila aliyeuliza kwamba huyu ni mke wa ndugu yake wa Ujiji, na mama yangu hakuwa mtu wa kusema uongo. Huo nao ulikuwa juu yangu.

Tarehe thelathini na moja niliomba ruhusa ofisini nikaenda Katonga mapema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, mafupi, bila Kiingereza ndani yake. Nitamwambia hakuna mwezi wa aina hiyo. Nitamwambia mzungu alisema karibu haitokei, na mimi niliogopa. Akinipiga, anipige.

Nilimkuta amevaa kitenge alichoazimwa na mama, amenawa uso, ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Dagaa hawakuwepo wa kugeuza, mbalamwezi ilikuwa imeingia. Kichanga kilikuwa kinanyonya. Nikakaa kando yake, nikasema, “Dada, nina neno.”

“Ngoja,” akasema. Alikuwa anatazama boti ya abiria iliyokuwa inakunja kutoka kaskazini, imebeba mawese na watu wamekaa juu ya madumu.

“Si la kungoja,” nikasema.

“Ngoja, dada. Ile mama kule mbele, anamushika nani mukono?”

Mimi sikuona chochote, jua lilikuwa machoni. Yeye alikuwa ameshaingia majini mpaka magotini na kichanga hakijaacha kunyonya. Mzee wa nyuzi alikuwa ameshika kamba mbele, anaonyesha kwa kidevu, na nyuma yake mwanamke mnene wa makamo alikuwa amemshika mkono binti mwenye gauni jipya la maua. Boti iligusa mchanga. Binti akashushwa. Alisimama ndani ya maji, akamtazama mama yake kama mtu anayetazama picha, kisha akamsalimu kama alivyofundishwa kumsalimu mtu mzima asubuhi.

“Mwakeye,” akasema, kwa Kiha safi cha Mwamgongo, akarudi nyuma ya sketi ya yule mwanamke.

Yule mama hakumvuta. Aliinama, akamwonyesha kichanga. Binti akachungulia, akakiangalia sana, akakitaja jina. Hapo ndipo akalia, na mama yake akalia, na yule mwanamke wa Mwamgongo, ambaye alikuwa amemlea miezi mitatu na kumshonea gauni la kuja kuagana naye, alilia kuliko wote. Mama yangu aliwakumbatia kwa zamu. Mimi nilisimama na maneno yangu mdomoni. Nilifurahi, na nilikuwa na aibu, vyote kwa pamoja. Jirani aliyempandisha binti yule, tuliambiwa, alizikwa hukohuko.

Sikumwambia siku ile. Kesho yake alikuja ofisini na watoto wote wawili, na mzungu aliinuka akampa mkono, akanituma nimuulize imekuwaje. Yule mama akaeleza: mwezi wa kwanza ulibeba swali, wa pili ukaleta jibu, kama dada alivyonitajia. Nilimfasiria mzungu kila kitu isipokuwa yale maneno ya mwisho. Alicheka kwa furaha, akapiga meza, akasema basi kweli mara moja, mwezi unapokuwa wa buluu. Nilitaka kumrushia kalenda. Lakini alimrudishia jina lake kwenye orodha siku hiyohiyo, akamgombeza karani, na nilipomwambia habari ya vijiji visivyo na barabara aliandika barua ya kuomba boti. Boti ilikuja baada ya muda mrefu. Ilikuja.

Alhamisi yule mama alipanda lori, binti katikati ya magoti yake. “Aksanti, dada,” akanipungia, “Mungu akupe mwezi wako na weye.” Nikapunga na mimi. Nilijiambia limekwisha vizuri.

Nilisahau kwamba kabla ya lori alikuwa amelala siku mbili ghalani, na kwamba mtu aliyepewa hakai kimya. Jumatatu nilipofungua mlango benchi la meza ya tatu lilikuwa limejaa, na waliokosa benchi walikuwa wamekaa chini mpaka nje juani. Hawakuwa wakimtazama mzungu. Wa kwanza alikuwa mwanamke mkubwa kuliko mama yangu, amevaa viatu vya kiume, aliyepotezana na watoto wawili katika mtumbwi mwingine, usiku mwingine. Aliketi, akaikagua kalenda ukutani, kisha akanigeukia.

“Na mie unitajie,” akasema.

Mzungu aliuliza mama anasema nini. Nilisimama, nikafunua kurasa zote zilizobaki za mwaka ule, moja moja, na kila ukurasa ulikuwa na kiduara kimoja. Nikaketi tena. Nikamwambia yale maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani kwenda Katonga: kwamba hakuna mwezi wa namna hiyo, kwamba watoto wa mitumbwi isiyofika hupatikana mara chache mno, kwamba wengi hawapatikani, mama, na kwamba siku za mbalamwezi nitampeleka mimi mwenyewe akaulize wavuvi, ila siwezi kumwahidi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kulia.

“Mwenzangu ulimpa,” akasema. “Mie nimekukosea nini?”